Mama wa Daraja la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa kisu na kukatazwa kukigusa. Kilikuwa kisu cha maikrotomu, yaani mashine ndogo ya chuma yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, inayokata nyama ya mwanadamu vipande vyembamba kiasi kwamba ukikiweka kimoja juu ya gazeti unasoma herufi zilizo chini yake. Msimamizi wa Maabara, mtu mfupi kutoka Tabora ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe, alifungua sanduku la mbao, akanionyesha kile kisu kimelala juu ya kitambaa, kisha akalifunga.

"Umekiona?"

"Nimekiona, bwana."

"Basi. Kwa miezi sita utakuwa unakiona tu. Sasa nenda kaoshe vioo."

Nilikuwa kijana wa Ukerewe niliyemaliza shule ya kati, mwenye mwandiko mzuri na kiburi kilichouzidi mwandiko. Nilitarajia kuwa karani, nikae nyuma ya meza na watu wanisubiri. Hospitali ilinichukua kwa sababu ya mwandiko huohuo, maana ripoti za maabara zilinakiliwa kwa mkono na Msimamizi alikuwa amechoka kusoma makorokocho ya waliotangulia. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa Mwanza, na ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, hayo yanatosha.

Nyinyi vijana mnasema slaidi na hadubini. Sisi tulisema kioo na darubini. Kazi ilikuwa hivi: kipande kinatoka chumba cha upasuaji kimo ndani ya chupa ya formalini, dawa ya kuzuia kuoza, ambayo harufu yake ilikutoa machozi kabla hujajua jina la mgonjwa. Kesho yake kinapitishwa katika spiriti, kuanzia hafifu hadi kali, mpaka maji yote yamekwisha ndani yake. Kisha kinalowekwa katika nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda unapata kitu kama mshumaa mfupi wenye nyama katikati. Huo mshumaa ndio unaokatwa. Joto la Mwanza lilikuwa adui yetu, kwani nta ililainika na vipande vikajikunja, hivyo tulikata asubuhi na mapema, tena baada ya kuilaza nta kwenye barafu tuliyoiomba jikoni. Kipande kinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, unakiokota kwa kioo, unakitia rangi mbili: hematoksilini, inayofanya viini vya seli kuwa vya buluu, na eosini, inayoyafanya mengine yote kuwa ya waridi.

Miezi sita ilipokwisha nilipewa kisu. Siku hiyohiyo nilijikata kidole. Msimamizi alinifunga bandeji, akaniambia nisilie, kwani kisu hicho kilikuwa hakijawahi kumkubali mtu bila kumwonja kwanza.

Zamani vipande vyetu vilisafirishwa kwa garimoshi hadi Dar es Salaam, na majibu yakarudi mgonjwa akiwa amepona, amekufa au amehama. Kisha kwa miaka michache tukapata mtaalamu wetu, Mwingereza mrefu, mkimya, tuliyemwita Bwana Daktari wa Maabara. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno amelisimamisha peke yake. Darubini nzuri ilikuwa moja tu. Akimaliza kuangalia, alikuwa akiinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo Wazungu wengine hawakulifanya, na kuniambia nikae mimi.

"Wewe unaona nini?"

"Naona buluu na waridi, bwana."

"Hata mchora vitambaa anaona hayo. Tazama tena."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kwa kuona haya, siku baada ya siku, mpaka nikaanza kuona vitu vyenyewe.

Kipande cha kwanza cha kansa ya mji wa mimba nilichoonyeshwa kilitoka kwa mama mmoja wa mjini. Wakati ule mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, halafu damu ikamrudia, alitaniwa na mawifi zake kwamba amerudi usichana, aandaliwe mahari. Wengine walifurahia utani huo na kukaa nyumbani. Bwana Daktari alichukia sana aliposikia. "Mama mzee kutoka damu si ujana," alisema. "Ni kengele ya moto."

Akanieleza. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba una tezi, vijishimo vilivyopangwa kwa utulivu. Mgonjwa anakwanguliwa kidogo, na ule ukwanguzi ndio unaotufikia. Swali la kwanza ni je, kansa ipo au haipo. Lakini jina la ugonjwa, alisema, ni nusu ya ripoti; nusu ya pili ni tabia yake. Katika daraja la kwanza seli bado zinakumbuka kazi yao, zinajenga tezi, ila tezi zimebanana bila nafasi. Katika daraja la pili baadhi zimeacha kujenga na zimejikusanya mabonge. Katika daraja la tatu tezi unazitafuta kwa shida. Seli zimejazana kama dagaa waliomwagwa kwenye mwamba, viini vyake ni vikubwa, vyeusi, havilingani, na nyingi umezikamata zikiwa katikati ya kugawanyika. Kansa ya daraja la kwanza hutembea. Ya daraja la tatu hukimbia.

Na mji wote ukishaondolewa na kuletwa mezani, kuna maswali mengine. Je, ugonjwa umeingia kiasi gani katika nyama ya ukuta, umevuka nusu yake au bado? Umeshuka hadi shingo ya mji? Na ndani ya vile vimishipa vidogo vya damu, je, kuna seli zilizokwisha kupanda tayari kwa safari? Hayo hayajulikani kwa ukwanguzi. Mpaka upasue, ukate, utazame.

Nililipenda neno hilo, daraja. Mimi ndiye niliyelichagua kutafsiri neno la Bwana Daktari, na nilijiona bingwa. Sikufikiri kwamba neno hilo lilikuwa na kazi nyingine katika jengo lilelile. Wodi zetu zilikuwa na madaraja. Wodi ya daraja la kwanza ilikuwa ya Wazungu, ya pili ya Wahindi na Waarabu, na ya tatu yetu sisi, watu wawili kitanda kimoja na wa tatu chini. Garimoshi lilikuwa hivyo, meli za ziwani zilikuwa hivyo. Mtu mweusi aliposikia "daraja la tatu" alijua maana yake: ngoja, wenzako wapite kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka miwili hivi kabla ya uhuru, ulikuja ukwanguzi wa mama mmoja Msukuma kutoka ng'ambo ya ghuba, ndani ndani huko Sengerema. Alikuwa ameletwa na binti yake, Kabula, kwa hiyo wote tulimwita Mama Kabula. Nilimwona siku ile kwenye benchi la nje: mwanamke mnene, mchangamfu, anayecheka na kila mtu, kanga mbili amejifunga kiunoni kwa sababu damu haikumpa nafasi ya kufunga moja. Walimkwangua, akaambiwa arudi nyumbani, majibu yatapelekwa kwenye zahanati ya kijijini kwake.

Nilikata kipande chake mimi mwenyewe. Bwana Daktari alikitazama muda mrefu. Hakuinuka kwenye kiti.

"Daraja la tatu," alisema. "Mwandikie dresa wa zahanati. Andika ni daraja la tatu, aje kwa upasuaji." Kisha akaenda kufungasha, kwani wiki hiyo alikuwa anaanza likizo yake ya Ulaya.

Hakusema "haraka". Kwake yeye "daraja la tatu" lilikuwa limekwisha kusema haraka kwa sauti kubwa. Kwangu pia, maana nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti. Nikaketi nikaandika barua nzuri, ya Kiswahili safi cha shule, mistari imenyooka: "Tunapenda kukuarifu kwamba mama aliyetajwa hapo juu ni wa daraja la tatu. Tafadhali mwelekeze aje hospitali kwa hatua zaidi." Nikaongeza salamu mwishoni. Msimamizi alitia sahihi bila kusoma, akasifu mwandiko.

Likizo za Wazungu zilikuwa ndefu. Bwana Daktari alirudi baada ya miezi mitatu na zaidi, amenenepa kidogo, na asubuhi ya kwanza aliniuliza: "Yule mama wa daraja la tatu, mji wake uko katika kioo gani? Nataka kuona."

Nilifungua daftari. Nilipitisha kidole toka juu hadi chini, nikageuza karatasi, nikarudia. Hakuwamo.

"Labda amekataa upasuaji, bwana," nikasema.

Zingatieni maneno hayo. Sikuwa najua lolote, lakini mdomo wangu ulikwisha kutafuta mtu wa kubeba lawama.

"Basi nenda ukamwulize," akasema. "Leo."

Nikavuka ghuba hadi Kamanga, nikapata lori la pamba, nikafika zahanati jua likiwa kichwani. Dresa alikuwa mzee wa heshima, mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyefunga vidonda vya nusu ya wilaya ile. Nilimwamkia, akaitikia, akaitoa barua yangu kwenye faili. Ilikuwa haina hata kunyanzi.

"Barua hii niliielewa vizuri sana," alisema. "Mnasema mama ni wa daraja la tatu, aje. Mimi wodi ya daraja la tatu naijua, nilifanya kazi hapo. Nikasema moyoni, kama ni wodi ile, kitanda hakipatikani mpaka watu wa malaria wapungue. Nikamwambia, mama, haraka haraka haina baraka. Wewe ni daraja la tatu, kama sisi wote. Vuna pamba yako, ndipo uende."

Nilisimama pale, karatasi mkononi, nikiuona mwandiko wangu mzuri. Nilielewa yote mara moja. Mzee yule hakukosea kitu, alisoma kilichoandikwa.

"Kwani ilikuwa na maana nyingine?" aliniuliza.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ila wanamhitaji leo." Nikaikunja barua nikaitia mfukoni mwangu.

Nilimkuta Mama Kabula shambani. Hakuwa mnene tena. Alikuwa ameketi kwenye gunia, anachambua pamba nyeupe na kuitenga na iliyochafuka, kwa sababu kusimama kulimshinda. Binti yake na mumewe, Mzee Masanja, walikuwa kwenye mistari.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Bwana Maabara! Umekuja na ile dalaja yangu?" Akacheka. "Hapa wananicheka, wanasema hata ugonjwa wangu ni wa dalaja la tatu. Nikawaambia, basi nitangoja dalaja la pili lipungue."

Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kabula alikuja akijifuta mikono. Alikuwa msichana mdogo kwangu kwa miaka michache, mwenye macho makali. Nilipomwambia mama anahitajika siku hiyohiyo, uso wake ulibadilika. "Bwana dresa alisema hakuna haraka," alisema. "Mama alitaka kwenda hivyohivyo. Mimi ndiye niliyemwambia, tumalize pamba kwanza, mama, mimi na Baba peke yetu hatutaweza." Alisema hayo mbele ya baba yake. Mzee Masanja alimtazama tu bintiye, kisha akaenda kutafuta baiskeli ya kumpakia mkewe.

Kesho yake tulikuwa mbele ya meza ya Bwana Daktari na daktari wa upasuaji. Huyu wa upasuaji hakujua Kiswahili zaidi ya "vua nguo" na "pumua", hivyo nilisimama katikati kama mkalimani. Aliuliza kwa nini mgonjwa amechelewa miezi mitatu. Nikamgeukia Kabula, nikauliza.

"Pamba," Kabula akajibu. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwambie ni mimi. Nilimwambia tuvune kwanza."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Niliisikia ikigusa kifua nilipovuta pumzi. Nilikuwa na mke mchanga, nilikuwa nimeahidiwa kupandishwa cheo, na uhuru ulikuwa unanukia. Ilisemwa kwamba watakaoshika nafasi za Wazungu ni sisi wenye mwandiko. Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri: anasema ni pamba, ni yeye aliyetaka wavune kwanza.

Daktari wa upasuaji alitikisa kichwa, akaandika kwenye faili. Niliyasoma maandishi yake kutoka upande wa pili wa meza: mgonjwa alicheleweshwa na jamaa kwa ajili ya mavuno. Mzee Masanja aliuliza ameandika nini. Nikamweleza hivyohivyo.

Walimpasua siku ya pili, na mji wa mimba ukaletwa maabara ndani ya ndoo ndogo yenye formalini. Niliupasua mimi, nikaufungua kama unavyofungua papai. Ndani ulijaa kitu cheupe, kinachomeguka. Nilikata ukuta kwa mapana, nikachukua kipimo, nikatengeneza vioo kumi na viwili, idadi ambayo hatukuwahi kuitengeneza kwa mgonjwa mmoja. Safari hii Bwana Daktari aliinuka.

"Unaona nini?"

"Daraja la tatu, bwana. Imevuka nusu ya nyama ya ukuta. Shingo iko safi."

"Na mishipa?"

Nilisogeza kioo polepole. Katika kimshipa kimoja, chembamba kama uzi, palikuwa na kundi la seli nyeusi, zimekaa zimetulia. Kisha katika kingine. Nikasema zimo.

"Sasa wewe unajua kuona," alisema Bwana Daktari. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Tiba ya mionzi nchini haikuwapo, na Nairobi ilikuwa mbali kwa watu wa daraja letu. Mama Kabula alipona kidonda, akarudi kwake. Kila alipokuja kuonwa alipita maabara na kuniachia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ndani ya kitambaa, kunishukuru kwa kumfuata shambani. "Huyu ndiye aliyenileta," aliwaambia watu wa benchini. Nilipokea. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa. Alifariki miezi michache baada ya uhuru, ugonjwa umemwingia mapafuni, na habari nilipewa na dereva wa lori.

Kazi iliendelea. Wazungu waliondoka, Bwana Daktari wa Maabara akanipa mkono na kuniachia kitabu chake cha picha za seli. Msimamizi alistaafu nami nikakaa kwenye kiti chake. Jambo la kwanza nililofanya ni kulifuta neno daraja katika barua zetu zote. Niliamuru tuandike "ukali": ukali mdogo, wa kati, mkubwa. Na chini yake, kwa herufi kubwa, siku ambayo mgonjwa lazima awe amefika. Wasaidizi wangu walilalamika kwamba mzee ana udhia. Mmoja aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ni utaratibu.

Nilihamishiwa Musoma, ambako maabara ilikuwa chumba kimoja na popo darini. Nikahamishiwa Bukoba, nikafundisha vijana wengi ambao leo ni mabwana wakubwa. Nilirudishwa Mwanza nikiwa nimeota mvi. Wakati huo tulikuwa na Mganga Bingwa wa Maabara, kijana wetu Mtanzania, aliyenisalimia shikamoo kila asubuhi ingawa alikuwa mkubwa wangu kazini. Siku moja nilitoa vile vioo kumi na viwili kabatini, pamoja na kile cha ukwanguzi wa kwanza, nikamwekea mezani. Nilimweleza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Nikamwuliza: kama mama huyu angekuja wiki ileile, mishipa hii ingekuwa safi?

Alitazama kwa uangalifu, kimoja baada ya kingine. Alikuwa kijana mwenye adabu kwa wagonjwa hata wakiwa ndani ya kioo.

"Mzee, kioo hakina tarehe," alisema. "Kinaniambia ugonjwa ulifika wapi. Hakiniambii ulifika lini. Inawezekana ulikuwa umekwisha kupanda mishipa kabla hajafika hapa mara ya kwanza. Inawezekana ulipanda wiki ya mwisho."

"Kwa hiyo hakuna anayeweza kujua."

"Hakuna." Akanitazama. "Aliyeandika barua alikuwa nani?"

"Ni zamani sana," nikasema.

Nilipostaafu walinifanyia tafrija, wakanipa saa ya ukutani na hotuba. Wote walisema mzee huyu hajawahi kupoteza kioo hata kimoja, na ni kweli. Nikaenda kukaa Nyakato, nyumba yangu karibu na viwanda, ving'ora vya zamu vikiniamsha kwenda kazini ambako sikuhitajika. Mtu akistaafu hupata muda wa kusoma tena yale aliyoyaandika. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa, mna mashine zinazopitisha nyama kwenye spiriti bila mkono wa mtu, mna rangi ambazo sisi hatukuziota. Nawaonea wivu. Lakini mwisho wa yote mtaandika neno kwenye karatasi, na karatasi itavuka maji, na atakayeisoma hakukaa kwenye kiti chenu. Jiulizeni analijua neno hilo kutoka wapi. Na mkikosea, maana mtakosea, nendeni mkaseme wiki hiyohiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kosa la kazini ni maradhi kama mengine.

Mimi sikuenda wiki hiyohiyo. Nilikwenda mwaka jana.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Nilimwambia habari hii kwa mara ya kwanza tukiwa tumekaa mezani, akaacha kula. "Miaka yote hiyo ulipokuwa ukila michembe ya watu," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa naipika." Asubuhi yake nikapanda feri ya Kamanga, kisha basi, kisha miguu. Shamba la pamba lilikuwa sasa la mihogo. Kabula nilimkuta kibarazani anamenya karanga, nywele nyeupe, macho yaleyale.

"Shikamoo, Bwana Maabara," alisema, kana kwamba niliondoka juzi.

"Marahaba, mama."

Nikaketi. Sikungoja kuulizwa habari za safari. Nilimweleza barua, neno nililoliweka, jinsi dresa alivyolisoma, jinsi nilivyoitia mfukoni. Alisikiliza akiwa anamenya. Nilipomaliza alikuwa amesimamisha mikono.

"Kwa hiyo dresa alipotwambia hakuna haraka, hakulitoa kichwani mwake."

"Nililiandika mimi."

"Na siku ile nilipoulizwa na Mzungu, nikasema ni pamba, wewe ulikuwa katikati yetu."

"Nilikuwa natafsiri."

"Ulitafsiri vizuri?"

"Neno kwa neno."

Mjukuu wa Kabula alipita na kuku, naye Kabula akamfukuza mtoto kwa mkono bila kumtazama. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia pia yale ya kioo na tarehe, kwamba huenda hata mama yake angekuja mapema mwisho ungekuwa uleule, kwamba hakuna anayejua. Alinyanyua kiganja nikanyamaza.

"Baba amefariki mwaka juzi," alisema. "Tangu tumzike mama, hakuwahi kula kwangu. Alikuja, kila sikukuu alikuja, anakaa pale ulipokaa wewe, anaomba maji, anakunywa, anaondoka. Alisema hali chakula cha mtoto aliyemuuza mama yake kwa pamba. Nilimpikia kila mara. Kila mara nilikirudisha jikoni." Akakusanya maganda ya karanga kwenye upindo wa kanga. "Ningemwonyesha ile barua, angekula. Ungekuja mwaka juzi tu, Bwana Maabara."

Nilitaka kuondoka, nikainuka, akaniambia nikae. Aliingia ndani. Nilimsikia akisukuma kuni, akigonga sufuria, na ilichukua muda, nami nilikaa pale alipokuwa akikaa Mzee Masanja, nikitazama mihogo. Alitoka na ugali na sato wa kuchemsha, akaweka mbele yangu, akanimiminia maji mikononi yeye mwenyewe.

"Kula," alisema. "Nataka nione mtu amekaa hapo anakula."

Nikala, naye akakaa kunitazama mpaka sahani ikaisha.